Wiski ya Japani: Yampasayo msafiri kujua kabla ya kuonja na kununua

MSAFIRI anayetoka Afrika Mashariki kwenda Japani, awe ni mwanafunzi wa mafunzo ya muda mfupi, mfanyabiashara wa magari yaliyotumika au mtalii wa kawaida, hachukui muda kugundua kwamba chupa za wiski zimepewa mahali pa heshima katika maduka ya nchi hiyo. Huziona zimefungiwa ndani ya makabati ya vioo kwenye viwanja vya ndege, na huziona tena katika maduka makubwa ya mjini. Nyingi zina maandishi ya Kijapani yaliyochorwa kwa brashi, na bei inayomlazimu mtu asiyezizoea kurudia hesabu kwenye simu yake.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba si kila chupa ya namna hiyo ina wiski iliyotengenezwa Japani. Kwa miaka mingi hapakuwa na kanuni iliyomzuia mfanyabiashara kuagiza wiski kwa wingi kutoka Uskoti au Kanada, kuichanganya na kidogo cha nyumbani au pasipo hata tone la nyumbani, kuitia katika chupa Japani na kuipa jina la mlima au la shujaa wa kale. Aliyefanya hivyo hakuvunja sheria. Mnunuzi ndiye aliyebaki na deni la kujua, na kwa kuwa bei za vinywaji hivi zimepanda sana, deni hilo si dogo.

Makala haya yanakusudia kumsaidia msafiri anayetaka kuonja kitu cha kweli na, ikiwa mfuko unaruhusu, kurudi na chupa moja nyumbani.

Wanaume wawili waliotofautiana

Wiski ya Japani ina asili ya Uskoti, na Wajapani wenyewe hawalifichi jambo hilo. Mwaka 1918 kijana Masataka Taketsuru, mzaliwa wa Takehara katika mkoa wa Hiroshima, kutoka familia ya watengenezaji wa sake, alipelekwa Uskoti na mwajiri wake kujifunza utengenezaji wa wiski. Alisoma Glasgow, akafanya kazi katika viwanda kadhaa, na aliyoyaona akayaandika katika daftari zake. Mwaka 1920 alimwoa binti wa huko, Jessie Roberta Cowan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rita, na mwaka huo huo wakarejea pamoja Japani.

Mwajiri wake hakuwa tena na uwezo wa kujenga kiwanda. Aliyekuwa nao ni Shinjiro Torii, mfanyabiashara wa Osaka aliyepata utajiri kwa kuuza mvinyo mtamu. Torii alimwajiri Taketsuru, na mwaka 1923 ujenzi ulianza Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka. Wiski yao ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1929, nayo haikupendwa. Wanywaji walilalamika kwamba ilinuka moshi mno.

Hapo ndipo njia zilipoachana. Torii alitaka kinywaji kitakachokubaliana na ulimi wa Mjapani na chakula chake, wakati Taketsuru alitaka wiski ifanane na ile aliyofundishwa. Mwaka 1934 Taketsuru alikwenda zake Yoichi, katika kisiwa cha Hokkaido kaskazini, mahali penye baridi na upepo wa bahari palipomkumbusha Uskoti. Wakati akisubiri wiski yake ikomae, kampuni yake iliuza juisi ya matofaa, na wiski ya kwanza ikatoka mwaka 1940. Kampuni ya Torii ndiyo Suntory ya leo, na ya Taketsuru ndiyo Nikka.

Ugomvi huo wa kale una manufaa kwa mwonjaji wa leo. Nchini Uskoti viwanda vina desturi ya kubadilishana mapipa ili kila mmoja apate ladha mbalimbali za kuchanganya. Suntory na Nikka hazikuwa na desturi hiyo. Kila kampuni ililazimika kutengeneza ladha zake zote yenyewe, kwa mitambo ya kukenekea yenye maumbo tofauti, hamira tofauti na mapipa ya miti tofauti, ndani ya ua mmoja. Kwa sababu hiyo chupa mbili zenye jina la kiwanda kimoja zaweza kutofautiana kama ndugu wa baba mmoja na mama mbalimbali.

Kwa nini ni adimu

Unywaji wa wiski nchini Japani ulifikia kilele mwaka 1983, kisha ukaporomoka kwa takriban robo karne. Vijana waligeukia vinywaji vingine, na viwanda vikapunguza kazi. Viwili ambavyo majina yake sasa hutajwa kwa unyenyekevu minadani, Hanyu na Karuizawa, vilisimama kukeneka mwaka 2000.

Ajabu ni kwamba wakati nyumbani wanaikimbia, ugenini walikuwa wanaanza kuisifu. Mwaka 2001 wiski ya Yoichi ya miaka 10 ilishika nafasi ya kwanza katika shindano la jarida la Whisky Magazine. Mwaka 2003 filamu ya Lost in Translation ilimwonyesha mwigizaji wa Marekani akirekodi tangazo la Hibiki mjini Tokyo. Mwishoni mwa mwaka 2014 mwandishi Jim Murray aliitaja Yamazaki iliyokomazwa katika mapipa ya mvinyo wa sheri, toleo la mwaka 2013, kuwa bora kuliko zote duniani, na tangu hapo rafu zilianza kuwa tupu.

Tatizo ni la hesabu tu. Wiski ya miaka 18 inayotakiwa leo ilipaswa kuwekwa katika pipa miaka 18 iliyopita, wakati ambapo hakuna aliyeihitaji. Mwaka 2015 Nikka iliacha kuuza chupa zake za Yoichi na Miyagikyo zilizokuwa na umri maalumu. Mwaka 2018 Suntory ilisimamisha Hakushu ya miaka 12, iliyorejea baadaye, na Hibiki ya miaka 17. Agosti 2020 chupa moja ya Yamazaki ya miaka 55 iliuzwa katika mnada wa Hong Kong kwa zaidi ya dola za huko milioni 6. Na tarehe 1 Aprili 2024 Suntory ilipandisha bei inayopendekezwa ya Yamazaki ya miaka 12 kutoka yeni 10,000 hadi 15,000, na ya miaka 18 kutoka yeni 32,000 hadi 55,000, kabla ya kodi.

Penye uhaba wa namna hiyo hapakosi watu wa kuuziba kwa njia zao. Ndiyo maana lebo isomwe kwa makini.

Namna ya kuisoma lebo

Februari 2021 chama cha watengenezaji wa wiski na vileo vikali cha Japani kilitangaza masharti ya kuitwa wiski ya Japani. Yalianza kutumika tarehe 1 Aprili mwaka huo, na wanachama wakapewa hadi mwisho wa Machi 2024 kurekebisha bidhaa zao. Masharti hayo yanataka kimea kitumike, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa, kama wafanyavyo wapika pombe wa kwetu kwa ulezi au mtama. Maji yawe ya Japani. Kuchachusha na kukeneka kufanyike Japani. Kinywaji kikae katika mapipa ya mbao yasiyozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka mitatu, humo humo nchini, kisha kitiwe katika chupa humo humo kikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Nafaka yenyewe yaweza kutoka nje, na sehemu kubwa ya shayiri hutoka nje kweli.

Msafiri akumbuke kwamba hayo ni makubaliano ya wanachama wa chama, si sheria ya nchi. Asiye mwanachama hafungwi nayo. Hata hivyo yamesaidia kuitenga mchele na chuya. Yamazaki, Hakushu, Hibiki, Yoichi, Miyagikyo na Taketsuru zimetimiza masharti. Nikka From the Barrel, chupa ndogo ya mraba inayopendwa mno na wageni, haikuyatimiza yote, na kampuni yenyewe imelitangaza hilo waziwazi. Ni kinywaji kizuri na sioni sababu ya kukikwepa. Anayekinunua ajue tu anachonunua. Suntory nayo iliingiza sokoni mwaka 2019 wiski iitwayo Ao, iliyochanganywa kutoka nchi tano, na haikudai kuwa ni ya Japani peke yake.

Mchanganyiko wa namna hii si jambo la aibu. Nikka inamiliki kiwanda cha Ben Nevis huko Uskoti tangu mwaka 1989, na Suntory iliinunua kampuni ya Beam ya Marekani mwaka 2014. Kinacholalamikiwa ni ukimya wa lebo.

Basi, mwenye chupa mkononi atafute mambo matatu. Kwanza, maneno ‘Japanese Whisky’ yaliyoandikwa kikamilifu. Yakiwapo maneno ‘World Whisky’ au ‘World Blended’, ndani yake mna wiski ya kigeni. Pili, jina la kiwanda kilichokeneka, wala si la kampuni iliyotia chupani tu. Chupa inayokueleza habari za samurai, theluji na chemchemi, lakini isikwambie imekenekwa wapi, ina sababu ya kunyamaza. Tatu, umri. Namba iliyoandikwa ni ya wiski iliyo changa kuliko zote zilizomo, hivyo ‘12’ maana yake hakuna tone lililo chini ya miaka 12. Chupa isiyo na namba si mbaya kwa sababu hiyo tu. Hibiki Japanese Harmony haina namba na ni ya kweli.

Viwanda vipya vimechipuka kwa kasi, na leo vinapita 100 nchi nzima. Vingi bado ni vichanga, na wiski yao ya miaka mitatu au minne huuzwa kwa bei ya mzee. Kiwanda cha Chichibu, kilichoanza kukeneka mwaka 2008 chini ya Ichiro Akuto, mjukuu wa mwanzilishi wa Hanyu, kimethibitisha kwamba uchanga si kasoro daima. Lakini si kila kiwanda kipya ni Chichibu, na kwa maoni yangu hizo ndizo chupa za kuonja kabla ya kununua.

Kuonja

Nasema kuonja kwanza kwa sababu Japani ni nchi iliyomrahisishia mtu jambo hilo. Baa ndogo za Tokyo, Osaka au Sapporo, nyingine zenye viti vinane tu, huwa na chupa nyingi zilizofunguliwa, na huuza kwa kipimo. Kipimo cha kawaida ni mililita 30, na baa nyingi hukubali kutoa nusu yake. Omba ‘hafu’. Kwa vipimo vinne vya nusu mtu huonja Yamazaki, Hakushu, Yoichi na Miyagikyo katika jioni moja, kwa gharama ndogo kuliko ya chupa moja asiyoijua.

Aanze na nyepesi na kumalizia na yenye moshi, kwani akianza na Yoichi hataisikia Miyagikyo inayofuata. Anuse kabla ya kunywa, pua ikiwa juu kidogo ya glasi na midomo imeachana kidogo, maana kilevi kikali huchoma pua iliyozamishwa ndani. Kisha adondoshe maji matone machache. Harufu zilizojificha hufunguka. Glasi ya maji huletwa kando bila kuombwa, na ni ya kunywewa.

Yamazaki kwa kawaida ina utamu wa matunda yaliyoiva. Hakushu, inayotoka milimani, ina ubichi wa majani na moshi mwembamba. Miyagikyo ni laini na yenye maua. Yoichi ni nzito, ina moshi na kama chumvi ya pwani. Zaidi ya hizo kuna ladha moja isiyopatikana kirahisi kwingineko, nayo ni ya mti uitwao mizunara, mwaloni wa Kijapani. Ulianza kutumiwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, mapipa ya nje yalipokosekana, na mafundi waliuchukia kwa sababu hupitisha maji na ni mgumu kuunda. Miaka mingi baadaye waligundua kwamba wiski iliyokaa ndani yake muda mrefu hutoa harufu ambayo Wajapani huifananisha na ubani wa mahekaluni. Msomaji wa pwani ataitambua pasipo kufunzwa, kwani harufu wanazozitaja ni za udi na liwa.

Wajapani wenyewe hawainywi kavu mara nyingi. Mizuwari ni wiski iliyochanganywa na maji baridi na barafu, ikakorogwa taratibu. Haiboru ni wiski na soda, na ndiyo iliyoirudisha wiski mezani mwishoni mwa miaka ya 2000 baada ya ule ukame mrefu. Hunywewa na chakula, hasa kuku wa kuchoma wa vijiti, na kwa kazi hiyo chupa ya bei nafuu ya Kakubin, iliyokuwapo tangu mwaka 1937, yatosha kabisa. Kuitia Yamazaki ya miaka 18 katika soda si dhambi, ila mhudumu atakutazama.

Adabu za baa ni chache. Nyingi hutoza ada ya kiti, na huleta kitafunio kidogo ambacho hukuagiza lakini utakilipia. Si wizi, ni desturi, na ukitaka kujua kiasi uliza mlangoni. Bahashishi haitolewi. Umri wa kunywa ni miaka 20. Sheria dhidi ya dereva aliyekunywa ni kali mno, na humwadhibu hata aliyempa kinywaji au aliyepanda gari lake akijua.

Kutembelea viwanda

Yamazaki ni mwendo wa treni wa takriban robo saa kutoka Kyoto, kisha dakika 10 kwa miguu. Mito mitatu hukutana karibu na hapo, na ukungu wake ndio uliompendeza Torii. Ugumu ni nafasi. Ziara hupangwa kwa maombi ya mapema na bahati nasibu, na anayetokea langoni bila miadi hurudishwa. Hakushu, iliyofunguliwa mwaka 1973 katika mkoa wa Yamanashi, hufikiwa kwa treni ya saa mbili hivi kutoka Shinjuku hadi Kobuchizawa, nako miadi inahitajika.

Lau ningelazimika kumchagulia msafiri kiwanda kimoja, ningemwambia Yoichi. Ni mbali, zaidi ya saa moja kwa treni kutoka Sapporo kupitia Otaru, lakini huko ndiko wanakochochea mitambo ya shaba kwa moto wa makaa ya mawe, kazi ya koleo na jasho ambayo Uskoti yenyewe imeiacha. Shingoni mwa kila mtambo umefungwa ukamba mtakatifu wa Kishinto, kama ilivyo katika viwanda vya sake alikolelewa Taketsuru. Nyumba aliyoishi na Rita ingali uani. Ziara yenye mwongozaji haina malipo ila huhitaji miadi, na huishia kwa vionjo vitatu. Asiyekunywa kwa sababu ya dini, afya au usukani hupewa kinywaji kisicho na kilevi.

Kununua na kusafirisha

Bei inayopendekezwa na mtengenezaji haimfungi mwenye duka. Chupa ile ile yaweza kuuzwa kwa bei karibu na hiyo katika duka moja, na mara mbili yake katika jingine lililo kwenye mtaa wa watalii. Msafiri aijue bei iliyopendekezwa kabla ya kutoka hotelini. Maduka makubwa ya vifaa vya umeme huwa na sehemu za vileo, jambo linalowashangaza wageni, na bei zake mara nyingi ni za haki, ingawa chupa maarufu huuzwa kwa bahati nasibu au moja kwa kila mtu. Viwandani kuna chupa zisizouzwa kwingine, na hizo ndizo zawadi zenye maana.

Ajihadhari na muuzaji wa mtandaoni asiye na duka. Chupa tupu za majina makubwa zina soko lake, na haihitaji akili nyingi kujua baadhi yake hujazwa nini. Kizibo kilichofungwa upya na kimo cha kinywaji kisicho cha kawaida ni dalili za kutosha za kuondoka.

Kodi ya manunuzi kwa vileo ni asilimia 10, na mgeni wa muda mfupi husamehewa akionyesha pasipoti. Kwa utaratibu wa zamani, kodi iliondolewa dukani na chupa ikafungwa katika mfuko usioruhusiwa kufunguliwa Japani. Mageuzi yaliyopitishwa yanaagiza kwamba kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 mnunuzi alipe kodi yote kwanza, kisha arudishiwe baada ya kukaguliwa uwanjani wakati wa kuondoka. Stakabadhi zitunzwe.

Katika ndege, chupa iliyonunuliwa mjini iwekwe ndani ya sanduku linalopakiwa chini, ikiwa imezungushiwa nguo pande zote. Kinywaji chenye kilevi cha zaidi ya asilimia 24 hadi 70 huruhusiwa lita tano kwa abiria, katika chupa ambazo hazijafunguliwa. Chupa ya duka la uwanjani ibaki katika mfuko wake uliofungwa hadi mwisho wa safari, kwani anayebadili ndege hukaguliwa tena. Anayepitia Doha na kutaka kutoka nje ya uwanja asisahau kwamba Qatar hairuhusu msafiri kuingia na kileo.

Jambo la mwisho liko mlangoni petu wenyewe, na limewakuta wengi. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu msafiri mwenye umri wa miaka 18 na zaidi kuingiza lita moja tu ya vileo vikali bila ushuru. Chupa ya Kijapani kwa kawaida ni mililita 700. Hivyo moja inapita salama, na ya pili inavuka kikomo. Mwenye mbili aitangaze na kuwa na fedha za ushuru tayari. Akifika nyumbani aisimamishe wima, mbali na jua, wala asiilaze kama mvinyo, kwa sababu kilevi kikali hula kizibo.